Maskoti akishaondoka, askari majeruhi anabaki na nini?

Maskoti ni mtu aliyevaa vazi nene la dubu, simba au ndege ambaye ni nembo ya timu fulani, akazunguka uwanjani akipunga mkono na kukumbatia watoto. Huko Uingereza na Marekani amekuwa mgeni wa kawaida katika siku za gofu za hisani, zile zinazoandaliwa kuchangia wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Hupiga picha na wafadhili, hujaribu kupiga mpira kwa glavu zake kubwa akaukosa, na watu wakacheka. Jioni huvua kichwa cha manyoya akaenda zake. Mwanajeshi naye huvua mguu wake wa bandia, ila alfajiri ni lazima auvae tena.

Hakuna sababu ya kumbeza maskoti. Kazi yake ni ile ya mpiga debe stendi: kujaza gari. Lakini abiria halipi nauli kwa sababu ya mpiga debe. Anataka kujua gari linakwenda wapi.

Hesabu za siku kama hiyo si ngeni kwa mfanyabiashara. Wachezaji hujipanga wanne wanne, na kila kundi hulipa kiingilio. Uwanja kamili una mashimo 18, na kila shimo huweza kutafutiwa kampuni inayolipa ili bango lake lisimame hapo. Usiku kuna chakula na mnada. Ukishatoa gharama za uwanja, chakula, zawadi na mapambo, kinachobaki ndicho cha majeruhi. Siku ikipambwa kupita kiasi, mwenye shughuli huondoka na makombo.

Waliofanikiwa ni wale waliojua mapema fedha zitafanya kazi gani. Folds of Honor ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2007 na rubani wa ndege za kivita, Dan Rooney, hukusanya fedha kwa njia ya gofu na kuwalipia masomo wenza na watoto wa wanajeshi waliofariki au kupata ulemavu. On Course Foundation ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2010, huwafundisha majeruhi kucheza gofu, kisha huwasaidia kupata ajira katika shughuli za mchezo huohuo. Hiyo si sadaka ya siku moja. Huo ni mtaji.

Jambo hili linauhusu ukanda wetu moja kwa moja. Uganda ilipeleka askari Somalia Machi 2007, Burundi ikafuata mwishoni mwa mwaka huo, na Kenya ikaingia Oktoba 2011. Tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wa Tanzania walishambuliwa kambini Semuliki, mashariki mwa Kongo, wengine wakauawa na wengine kujeruhiwa. Leo Kongo na Somalia zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mfanyabiashara wa Busia, Mutukula au Rusumo anazihesabu kama masoko yake. Barabara inayopitika ina gharama, na wapo walioilipa kwa viungo vya miili yao.

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Uganda ina kituo cha Mubende cha kuwahudumia askari waliopata ulemavu. Rwanda iliunda tume ya kuwarejesha wapiganaji wa zamani katika maisha ya kiraia tangu mwaka 1997. Kenya ilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022. Lakini kila nchi inahangaika kivyake, ilhali askari hawa walipigana bega kwa bega, na wengi wao wana ndugu na wateja ng'ambo ya mpaka.

Viwanja vya gofu navyo vipo. Kampala, Nairobi na Kigali wanacheza, na Dar es Salaam jeshi lenyewe lina klabu yake Lugalo. Kampuni zinazodhamini mashindano pia zipo. Anayetaka kuiga siku ya gofu ya majeruhi na aige, hata maskoti amlete. Ila aanze kuiga daftari: ziliingia kiasi gani, zilitumika kiasi gani, na zilizobaki zilikwenda kwa nani. Mwanachama wa kikoba haridhiki na picha za sherehe. Anataka kuona kitabu.

Busia inafundisha jambo jingine. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamekuwa wakivusha mizigo kati ya Kenya na Uganda kwa baiskeli za magurudumu matatu. Hawakungoja kuhurumiwa. Waliona mwanya wa kazi wakauingia. Askari aliyepoteza mguu anaweza kuuza, kuagiza na kuvusha bidhaa kama wao, mradi aondolewe vikwazo visivyo vya lazima.

Baadhi ya milango imeshafunguliwa. Utaratibu rahisi wa forodha unampa nafuu ya makaratasi mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Haki isiyojulikana na mwenyewe hubaki kwenye karatasi. Maofisa wa mpakani waieleze kwa Kiswahili, waibandike ukutani, na wasimrudishe mwenye kiti cha magurudumu kwa sababu dirisha la huduma liko juu kuliko kichwa chake.

Serikali nazo zina la kufanya. Majeshi ya Jumuiya hukutana katika michezo yao ya pamoja: soka, netiboli, kikapu, mpira wa mikono na mbio za nyika. Majeruhi nao wapewe nafasi humo, wakiwa wachezaji na si wageni waalikwa wa jukwaani. Nigeria ilishatangulia, ilipokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki Michezo ya Invictus ya wanajeshi majeruhi, mwaka 2023 nchini Ujerumani.

Juu ya yote, hisani isigeuzwe kisingizio. Mguu wa bandia huchakaa na kuhitaji kubadilishwa, mwaka baada ya mwaka. Pensheni, fidia na matibabu ni deni la dola iliyomtuma askari vitani, na deni halilipwi kwa mnada wa usiku mmoja. Mfanyabiashara anayechangia siku ya gofu ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kutoa fedha yake: serikali imeshalipa sehemu yake? Na mchango huu utamwachia majeruhi kazi gani mkononi?