Viumbe Wetu: Kinyonga na Mjusi wa Kimboza

Kinyonga hana sumu. Tunaanza na neno hili kwa sababu watoto wengi wakimwona kinyonga njiani humpiga mawe. Hata wakubwa wengine hupita mbali naye. Kinyonga hula panzi, nzi na wadudu wengine. Hali mazao yetu.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga vinyonga na mijusi nyumbani. Hawawafugi kwa nyama. Huwafuga ili kuwatazama. Mwezi huu tutaeleza jinsi wanavyowafuga. Halafu tutaeleza jambo lililotokea katika mkoa wa Morogoro kwa sababu ya ufugaji huo.

Kinyonga hufugwa peke yake. Ukiweka madume wawili katika tundu moja, watapigana. Jike na dume huwekwa pamoja kwa muda mfupi tu, wakati wa kupandana. Jike asiyetaka dume hugeuka rangi, hufungua kinywa na kuyumbayumba. Mfugaji akiona hivyo humwondoa dume mara moja.

Tundu la kinyonga ni refu kwenda juu. Pande zake ni za wavu ili hewa ipite. Ndani huwekwa mti wenye majani na matawi membamba ya kushika. Jambo gumu ni maji. Kinyonga hajui kunywa maji yaliyotulia katika bakuli. Anaweza kufa kwa kiu na bakuli limejaa mbele yake! Porini hunywa umande na matone ya mvua yaliyo juu ya majani. Kwa hiyo mfugaji hunyunyiza maji kwenye majani kila siku, naye kinyonga hulamba matone.

Chakula chake ni wadudu walio hai. Mfugaji wa kinyonga ni mfugaji wa nyenje pia, maana lazima awazalishe katika masanduku ili chakula kisikatike. Kabla ya kumpa kinyonga, huwapaka nyenje unga wenye madini ya chokaa. Bila madini hayo, na bila jua, mifupa ya kinyonga hulainika na miguu hupinda. Mama aliyewahi kuona mtoto mwenye matege ataelewa jambo hili upesi. Katika nchi za baridi jua ni haba, kwa hiyo wafugaji hununua taa maalumu za kufanya kazi ya jua. Kinyonga wa kwetu hupata jua bure.

Sasa tuone uzazi. Kinyonga wa kawaida wa mashambani kwetu hutaga mayai. Jike hushuka kutoka mtini, huchimba shimo, hutaga mayai mengi, mara nyingi 25 au zaidi, huyafukia, kisha huenda zake. Haatamii. Mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Jike aliye tunduni huwekewa ndoo ya mchanga wenye unyevu. Asipopata mahali pa kuchimba, mayai hukwama tumboni, naye hufa.

Lakini si vinyonga wote wanaotaga. Yuko kinyonga wa pembe tatu anayeishi Mlima Kenya na Mlima Meru. Huyu huzaa watoto walio hai. Mwaka 1972 vinyonga wa aina hii walichukuliwa kutoka Kenya na kupelekwa visiwa vya Hawaii, Marekani, kwa ajili ya kuuzwa. Wakaachiliwa nje, wakazaana. Mpaka leo wako katika misitu ya huko, nao wanakula konokono na wadudu wa visiwa hivyo. Hivyo mnyama asiye na madhara kwao amekuwa tatizo ugenini.

Tuje Morogoro. Chini ya milima ya Uluguru uko msitu mdogo uitwao Kimboza. Ukubwa wake ni kama hekta 400. Katika msitu huo anaishi mjusi mdogo, ndugu wa mjusi kafiri anayekimbia ukutani usiku. Lakini huyu hutembea mchana. Dume ana rangi ya buluu inayong'aa sana. Jike ana rangi ya kijani au hudhurungi. Urefu wake pamoja na mkia ni kama sentimeta 8 tu. Hukaa juu ya miti ya jamii ya mkadi, ile yenye majani marefu yenye miiba. Jike hutaga mayai mawili na kuyagandisha mahali palipojificha.

Rangi ile nzuri ndiyo iliyomponza. Watu wa Ulaya walimtaka. Wachunguzi walikadiria kwamba tangu Desemba 2004 mpaka Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa Kimboza mijusi wasiopungua 32,000. Mjusi akijificha juu kati ya majani, wengine waliukata mkadi wenyewe ili wamfikie. Mti ukianguka, mijusi waliobaki hawana pa kukaa wala pa kutagia.

Wafugaji wa Ulaya wanaweza kumzalisha mjusi huyu tunduni, na wamefanya hivyo miaka mingi. Hata hivyo wengine waliotoka msituni waliuzwa kwa kusemwa kwamba walizaliwa tunduni. Mnunuzi angejuaje? Tangu mwaka 2017 mkataba wa mataifa unakataza biashara ya mijusi wa aina hii waliokamatwa porini. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori walio hai kwenda nchi za nje.

Lakini wanunuzi bado wanaweza kuja vijijini. Mgeni hufika na mifuko ya kitambaa. Huwaambia vijana wamletee vinyonga au mijusi, naye atawalipa kwa kila mmoja. Kijana anayekamata bila kibali anavunja sheria ya wanyamapori, hata kama ametumwa. Siku ya kukamatwa, mgeni huenda ameshaondoka, na kijana ndiye aliyebaki na mfuko mkononi.

Basi akija mtu wa namna hiyo, mwambie akuonyeshe kibali. Usikubali akusomee yeye. Kisome mwenyewe. Tazama jina la mnyama, idadi yake na tarehe. Kama kibali kinataja wanyama 10 na mfuko una 60, umeshajua. Akikataa kukuonyesha, mpelekee habari mwenyekiti wa kijiji, au ofisa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee bado humwita Bwana Nyama. Nenda siku hiyohiyo, kabla gari halijaondoka.