Maabara Haimhesabu Asiyepimwa

Mwandishi anayedai kisonono na klamidia zinaisha Eastlands kwa kuwa takwimu za maabara zimeshuka amesoma daftari, hakusoma mtaa. Maabara humhesabu aliyefika. Hapa Tena, mtaa mmoja wa Eastlands, kijana anayesikia moto akikojoa huanzia duka la dawa: anainamia dirisha, ananong'ona, anapewa vidonge vilivyofungwa kwenye bahasha ya kaki, anaondoka. Jina lake haliandikwi popote. Hata anayefika zahanati aghalabu hutibiwa kwa dalili alizoeleza bila kupimwa, mtindo ulioenezwa na Shirika la Afya Duniani. Na wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote. Watajipeleka kupimwa kwa lipi?

Kaswende nakubali ina hesabu bora, maana wajawazito hupimwa kliniki. Waume zao je?

Sisemi maabara itupwe. Bila kuotesha vijidudu, Kenya isingejua kwamba dawa ya siprofloksasini imeshindwa na kisonono. Ila vipimo vikipungua, wagonjwa nao "hupungua" (ajabu iliyoje!). Basi mwenzangu achapishe pia idadi ya waliopimwa, umri wao na jinsia yao, ndipo tubishane.