Betri Zikichakaa Zitatupwa Wapi?

Hapana shaka kwamba pikipiki ya umeme ipandayo kutoka Voi hadi Wundanyi haitoi moshi. Tena, takribani asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua.

Hata hivyo, betri nazo zina gharama. Baadhi huhitaji kobalti, ambayo kwa wingi huchimbwa Kongo; nazo zikitupwa ovyo zaweza kutia sumu udongo na maji. Taita Taveta, ambako vito huuzwa ng'ambo na mashimo yakabaki, yajua uchungu wa kuachiwa masalio.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 humtwika mtengenezaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Na itekelezwe kabla betri hazijarundikana. Mwalimu afundishaye habari za moshi, asisahau habari za taka.