Siri ya Vita na Siri ya Bei



Ndugu zangu, baada ya darsa la amana mmoja wenu aliniandikia: "Sheikh, mambo ya silaha ni siri za nchi, waachie wenyewe." Namjibu hapa ili wote tufaidike, maana maneno yake yana nusu ya haki.

Nusu hiyo ni kwamba Uislamu unaitambua siri ya vita. Ka'b bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda vitani, kwa kawaida alificha upande anaoelekea. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 83, Allah (s.w.t.) anawakemea wanaotangaza ovyo habari za amani na hofu. Lakini isome aya mpaka mwisho. Habari ile haikuamriwa ifukiwe. Ilitakiwa ipelekwe kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, ili wenye uwezo wa kuchunguza waijue hakika yake. Siri ina mahali pa kupelekwa.

Sasa tuitazame rada. Vijana wengi mmesikia "chenji ya rada" tu, hamjui ilianzia wapi. Serikali yetu ilinunua rada ya kijeshi kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, kwa fedha za mkopo. Uingereza ilitoa kibali cha kuiuza mwishoni mwa 2001. Clare Short, aliyekuwa waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga biashara hiyo ndani ya serikali yake mwenyewe. Wataalamu walioagizwa na Benki ya Dunia nao walisema ni ghali mno na haiifai vizuri kazi ya ndege za kiraia. Bado ikanunuliwa.

Baadaye ndipo ikajulikana kuwa dalali wa biashara ile alilipwa zaidi ya dola milioni 12, karibu theluthi ya bei, na sehemu kubwa ilipitishwa kwenye kampuni ya ng'ambo. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya London, BAE ilikiri kosa la kutotunza hesabu sahihi za malipo hayo. Zingatia: ilikiri kosa la hesabu, haikukiri rushwa. Ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ilikuwa imekubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5, kuliko hata bei ya rada yenyewe.

Fedha zikachelewa. Julai 2011 kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia maendeleo ya kimataifa iliwaita wakuu wa BAE na kuwahoji hadharani kwa nini hawajalipa. Wabunge wetu nao, wakiongozwa na Naibu Spika wa wakati ule, Job Ndugai, walikwenda London mwaka huo huo kudai. Allah awalipe kwa safari ile. Mwaka 2012 fedha zilifika, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Tukaziita chenji! Chenji unarudishiwa pale pale dukani, na muuzaji mwenyewe anakuhesabia. Hii ilirudi baada ya miaka kumi, kwa nguvu ya wapelelezi wa nchi nyingine.

Mnaijua hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, iko katika Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akauliza: kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake tuone kama zawadi ingemfuata? Hakumwita chumbani wakamalizana kimya kimya. Aliuliza mbele ya watu, kwa sababu mali ilikuwa ya watu. Na udalali wenyewe si haramu. Dalali wa mnadani Ngaramtoni anachukua chake, mnunuzi anajua, muuzaji anajua. Theluthi ya bei inayozunguka ng'ambo bila mwenye mali kujua ni jambo jingine kabisa.

Yupo waziri aliyejiuzulu Aprili 2008 kwa habari za fedha zake nje ya nchi. Simtaji, maana hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa rada, na Surat Al-Hujurat imetuonya juu ya dhana. Lakini ona hili pia: pasipo uchunguzi wa wazi, hata asiye na kosa anabaki na dhana shingoni maisha yake yote.

Na si sisi peke yetu. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina ikiwa na vifaru 33 ikielekea Mombasa. Kenya ikasema ni vya jeshi lake. Hati za mzigo zikaonekana na herufi GOSS, na wengi wakazisoma kuwa ni Serikali ya Sudan Kusini. Subhanallah, yaani mwananchi ajue sera ya nje ya nchi yake kwa hisani ya maharamia?

Bunge letu likitaka linaweza. Mwaka huo huo wa 2008 Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu akajiuzulu. Kwa silaha sidai mikataba ibandikwe ukutani. Nadai wabunge wachache walioapa kutunza siri wakae na karatasi, wahoji bei, wahoji dalali, kabla ya saini. Siri ya vita inabaki, siri ya bei inakwisha.

Sisi tunabishana mpaka baada ya Isha kuhusu bei ya zulia la msikiti, na ni haki yetu. Basi mbunge wako akirudi kutoka Dodoma, muulize kwa adabu: kamati ya ulinzi huiona bei kabla ya mkataba kusainiwa, au baada? Akisema hajui, mwombe akaulize kikao kijacho, na tarehe uiandike.

Wallahu a'lam.