Msaada ukichelewa, riba analipa mkimbizi

Kila nikitaja Kakuma mbele ya marafiki zangu wa mjini, jibu ni lile lile: si wale wanalishwa bure? Tena wanauza mpaka mahindi ya msaada!

Jamani, hebu tupige hesabu.

Kambi ya Kakuma iko Turkana tangu 1992. Mwaka 2015 WFP ilianza kutoa sehemu ya mgao kwa njia ya simu, Bamba Chakula, fedha za kununulia chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Wazo zuri. Lakini tumbo halisubiri ujumbe uingie kwenye simu. Fedha zikichelewa, mama anakwenda dukani kukopa. Watafiti waliofika Kakuma na Kalobeyei walikuta baadhi ya wenye maduka wakishikilia laini za simu za wateja kama dhamana. Maana yake? Mgao ukiingia, mama huyu hachagui duka tena. Ananunua kwa anayemdai, kwa bei ya anayemdai.

Na msidhani mwenye duka anachekelea. Naye anadaiwa na muuzaji wa jumla. Asipolipa haletewi mzigo, na hata mwenye fedha mkononi anakosa unga.

Nje ya kambi, wanawake wa Kiturkana huleta kuni na makaa, na mara nyingi hulipwa kwa nafaka za mgao. Mgao usipofika, nao wanarudi mikono mitupu. Hawa si wakimbizi, ni wananchi wa Kenya.

Sasa mnajua kwa nini mahindi yanauzwa: hayaivi bila kuni, na deni halilipwi kwa maneno.

Mwaka 2025 wafadhili walipobana mifuko, mgao Kakuma ulishushwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachotakiwa. Watu wakaandamana. Fedha hazipo, naelewa. Lakini kupunguza ni jambo moja, na kuchelewesha ni jingine. Anayejua atachelewa atangaze tarehe mapema, ili mama na mwenye duka wajipange. Na atenge fungu la kufidia deni alilolisababisha. Wewe ukichelewesha rejesho la mkopo benki unatozwa faini. Anayechelewesha chakula cha watoto mbona halipi hata senti?

Mpaka atakapolipa, mtu asiniambie kwamba mkimbizi anakula bure.