Kuwahi Soketi Si Kuimiliki

Wiki iliyopita nilikuwa Pemba na nimerudi na hasira. Msianze kukimbia, si hasira ya siasa. Ni hasira ya soketi.

Mnaijua safari ya usiku kutoka Unguja kwenda Mkoani. Watu wametandika mikeka, watoto wanalia, mizigo kila upenyo, na soketi za umeme ni za kuhesabu kwa vidole. Kwenye ukuta niliokaa mimi zilikuwa mbili. Moja niliiwahi mimi, simu yangu ikiwa asilimia sabini na kitu. Ya pili kaiwahi kijana wa rika langu mwenye simu ya kupapasa kubwa kama ubao wa chuoni, anaangalia mpira huku inachaji. Betri yake niliiona kwa macho yangu: tisini na sita.

Akaja mzee mmoja, kitochi mkono huu, chaja mkono huu. "Wanangu, nnaomba moto kidogo, simu yangu inataka kuzima." Akaeleza kuwa binti yake kalazwa Wete, uchungu umemshika, na jamaa wamesema watampigia kwa lolote litakalotokea. Yule kijana hata macho hakuinua. "Mzee, hapa tushawahi. Subiri imalize." Mzee akasema haya mwanangu, inshaallah, akarudi mkekani kwake.

Na mimi je? Mimi nilinyamaza. Halafu sikilizeni vizuri: ndani ya begi langu mlikuwa na pawa benki iliyojaa pomoni. Naweza kuwaambia niliisahau, lakini nyinyi ni watu wazima.

Asubuhi tukapanda gari moja ya kwenda Chake Chake, yeye akiwa njiani kwenda Wete. Simu ilishazima tangu usiku. Namba hata moja hana kichwani, zote zimo humo simuni. Tulipofika Chake nikamwombea chaji dukani, kitochi kikawaka, ujumbe ukaingia. Usiku ule binti alihamishiwa Hospitali ya Abdalla Mzee. Na Abdalla Mzee iko wapi? Mkoani! Pale pale tuliposhukia meli. Mzee wa watu kaipa mgongo hospitali aliyolazwa mwanawe na kupanda gari kuikimbia. Mama na mtoto wazima, alhamdulillah. Lakini kama jamaa walikuwa wanamtafuta kwa ajili ya damu? Au kwa jambo ambalo yeye tu ndiye wa kulisemea?

Sasa kuna watu wataniambia, "Kaka, aliyewahi kawahi, ndiyo foleni hiyo." Hapana. Foleni ni ya zamu, na zamu ina mwisho. Ukienda bombani unajaza ndoo yako unaondoka, huweki ndoo iliyojaa chini ya bomba ukakaa kupiga soga kwa sababu ulidamka alfajiri. Simu iliyo tisini na sita ndiyo ndoo hiyo. Tena kitaalamu ni mbaya zaidi: betri hizi za lithiamu zinapokaribia kujaa zinapunguza kasi ya kupokea umeme, kwa hiyo zile asilimia za mwisho huchukua muda mrefu kupita zile za mwanzo. Unamnyima mwenzio dakika ishirini ambazo zingemtoa kwenye giza ili wewe uipate ile mia ya kujifurahisha macho.

La pili, na hili ndilo linaloniuma kwa sababu linanihusu: kuna mwenye njia nyingine na kuna asiye nayo. Wenzetu wenye magari ya umeme wamegombana sana juu ya jambo hili. Nissan Leaf ya mwanzo ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 na ikijaa ilipimwa Marekani kwenda kama kilomita 117 tu, basi. Ikiisha, gari hilo ni kabati la nguo. Pembeni yake unaikuta Toyota Prius ya kuchomeka ya 2012, betri yake kilowati-saa 4.4, inakwenda kwa umeme kilomita zipatazo 18, kisha injini ya petroli inaendelea na safari kama kawaida. Wote wawili wana haki ya kuchaji, sibishi. Lakini mwenye tangi la petroli akimwona mwenye Leaf anahangaika na yeye hampishi, huyo hatafuti umeme, anatafuta nafuu ya bei. Usiku ule pawa benki yangu ndiyo iliyokuwa tangi la petroli. Mzee alikuwa Leaf.

Msiseme hayo ni ya Ulaya. Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza majaribio 2022, na Kigali pikipiki za Ampersand zinabadilisha betri kituoni kwa muda mfupi badala ya kusubiri chaji (hiyo nayo ni akili, inaondoa ugomvi wote). Pemba kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 67, hata Leaf ile ya zamani ikijaa inaimaliza. Magari hayo yakizoeleka hapa, tutakwenda kwenye kituo cha kuchajia na tabia ipi? Hii hii ya "tushawahi"?

Na sisi watu wa visiwani ndio tungepaswa kujua zaidi. Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, waya wa chini ya bahari ulipoletwa kutoka Tanga. Unguja nayo ilikaa gizani kama mwezi mzima 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka simu za mtaa mzima zikirundikwa kwa mwenye jenereta. Kulikuwa na utaratibu bila ya mtu kuuandika: ya mgonjwa kwanza, iliyojaa inachomolewa, mwenyewe anaitwa.

Wenye vyombo nao waongeze soketi, hilo nalisema na nitalisema tena. Ila usiku ule soketi zilikuwepo mbili, na kitochi kimoja kilitaka dakika kumi.

Ijumaa navuka tena. Wewe unayeamini kuwa kuwahi ndiyo haki, njoo tubishane, nitakuwepo ukutani pale pale. Simu yangu utaikuta kwenye pawa benki.