Bahari na mtoto mdogo: mimi naanza kuuliza choo (Sehemu ya 4)

Juzi mdogo wangu mmoja wa hapa Mtawanya kanitumia ujumbe: "Nesi, likizo tunataka watoto wakaone bahari. Nyamisati wanasema hakuna bichi, ni tope tu. Twende wapi?"

Nilicheka, maana na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Tope lipo, sibishi. Ile ni delta, Mto Rufiji unashusha udongo wake pale, mikoko imejaa, maji yakipwa unabaki unatazama matope. Wengi wanafika Nyamisati kupanda boti la Mafia tu, basi.

Sasa sikilizeni. Kuna mji mmoja wa ufukweni, jina naliacha, nilimpeleka mwanangu akiwa na mwaka na miezi minne. Mchanga mweupe kama sembe, picha nilipiga mpaka simu ikajaa. Lakini kivuli hakuna mpaka ununue soda kwa bei ya hoteli. Choo kimefungwa, mwenye ufunguo hajulikani alipo. Watu wanajisaidia nyuma ya minazi, na watoto wanachimba mchanga palepale! Usiku mtoto akaanza kuhara. Nesi mzima, na ORS nimeiacha nyumbani. Nilikesha namnyonyesha, kila saa namtazama macho kama yanazama, mpaka maduka yalipofunguliwa. Alipona, lakini ule usiku sijausahau.

Nyamisati nilikwenda baadaye, kumsindikiza shangazi. Tukakaa kwa mama lishe mmoja, chini ya mwembe. Kabla sijaomba akaleta maji ya kunawa na sabuni, akanionyesha choo cha kwake, kisafi, akachemsha na maji ya mtoto. Tukala wali na kamba wa nazi. Mzee wa jirani akatuambia maji yatajaa saa ngapi, tukaenda kuwaona vijana wanaingiza mitumbwi. Mwanangu alishinda anawacheka kaa wa kwenye mikoko, hakuuliza mchanga mweupe uko wapi.

Ndo maana siku hizi mtu akinisifia mji wa pwani namuuliza: choo kipo? Kivuli? Maji ya kunawa? Na nyie wenye biashara ufukweni, jamani, wekeni choo hata cha kulipia. Mama mwenye mtoto atalipa, na kesho atarudi na wenzie.

Kwa hiyo mdogo wangu, nendeni. Ulizia saa ya maji kabla hamjatoka, hasa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua linakuja juu sana na kurudi mbali sana. Mkilala, chandarua ni lazima. Mwenye mtoto chini ya miezi sita, ziwa lako linamtosha, hata jua likiwa kali. Wakubwa kidogo beba ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, isipungue wala isizidi. Iweke kwenye mkoba leo hii, usiseme utaikumbuka.